Kuipima Lulu Mbali na Bahari

Malenga wa Kiswahili akitaka kumsifu mpenzi, mtoto, mama au neno zuri, mkono wake haukawii kuifikia lulu. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, tukalilainisha likawa silabi mbili zinazofanana, nalo likakaa katika lugha yetu kana kwamba lilizaliwa humu. Ni jina la kito, ni jina la msichana, ni sifa ya usemi. Limepanga nyumba moja na yakuti, zumaridi, feruzi na johari, na karibu nalo zaidi amelala marijani, kwa sababu hao wawili ni watoto wa bahari. Shaaban Robert naye alipoviita vitabu vyake *Pambo la Lugha*, *Almasi za Afrika* na *Koja la Lugha*, aliifuata njia hiyo ya kale ya kuyaona maneno kuwa vitu vya thamani, vinavyofaa kutungwa na kuvaliwa.

Lakini vito havilingani kwa tabia. Almasi hutoka ardhini ikiwa na sura ya jiwe la kawaida, na fundi ndiye huichonga hadi iwake. Dhahabu huyeyushwa, ikasafishwa, ikafuliwa. Lulu haichongwi wala haing'arishwi ili iwe lulu: hutoka ndani ya kombe ikiwa imekwisha kamilika, na fundi hubakiwa na kazi ya kuitoboa, kuioanisha na wenzake na kuitunga. Kwa hiyo anayeipima lulu hapimi ustadi wa fundi kwanza. Anapima muda, na anapima alivyofanya kazi mnyama mmoja wa baharini gizani.

Mimi ninaandika haya nikiwa Iguguno, wilayani Mkalama, kando ya barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega na Mwanza. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Watu wa huku ni wapimaji hodari. Mnunuzi wa kuku humpapasa kifuani kabla hajataja bei. Wa alizeti huchota konzi ya mbegu, akaitikisa, akaitafuna moja asikilize mafuta yake. Wa asali hutazama inavyotiririka kutoka kwenye kijiti. Kila bidhaa ina kipimo chake, na kila kipimo kina jina. Lulu peke yake huja kwetu bila kipimo: huja kwa nyimbo, kwa majina ya watoto na kwa picha za simu. Tunalo neno, hatuna kitu chenyewe mkononi. Ndiyo maana jambo nitakalolieleza, ingawa linahusu pambo, nimeona linafaa kuletwa mbele ya wapenzi wa lugha.

Mkufu uliokuja na swali

Mwaka jana, baada ya mavuno ya alizeti, alinijia mama mmoja jirani yangu, mjane, mwenye duka dogo karibu na stendi. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na sehemu ya kwanza ya ada ilikuwa haijatimia. Alifungua kitambaa juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na mkufu mrefu wa punje nyeupe, alioachiwa na mama mkwe wake, ambaye ujana wake aliuishi Tanga. Mlikuwa pia na kidani kidogo cha fedha chenye kitu cha duara kilichovimba kama jicho, kimeshikamana na kipande cha kombe. Hicho alinunuliwa na marehemu mumewe, dereva wa lori, siku alipovuka kwenda Unguja.

Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, aliyekuwa akipita njia, alikuwa ameuona ule mkufu shingoni mwake kanisani. Alimwahidi shilingi 400,000 na kusema atarudi baada ya wiki. Kidani hakukitazama mara mbili.

"Mwalimu," mama akaniambia, "wewe ndiye unayeziimba lulu kila siku. Basi niambie kama hizi ni lulu. Nisije nikauza mali ya watu kwa bei ya karanga."

Shemeji yake aliyemsindikiza alikuwa na njia fupi zaidi. Alitaka punje moja ichomwe kwa kiberiti; ikiungua ni plastiki, isipoungua ni lulu. Kijana wa dukani naye alikuwa amesikia kwamba lulu hutiwa ndani ya siki au maji ya ndimu. Ikitoa mapovu ni ya kweli. Niliwaomba wasifanye lolote kati ya hayo, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya. Ili ieleweke, hatuna budi kwanza kujua lulu imeumbwaje.

Chaza na tabaka zake

Tumezoea kusimulia kwamba chembe ya mchanga huingia ndani ya chaza, ikamkera, naye akaifunika mpaka ikawa lulu. Ni hadithi nzuri, na imewatumikia watunzi wengi. Wataalamu wa viumbe vya bahari wanasema mchanga si sababu ya kawaida. Chaza huishi mchangani na majini, na hujua kuutema mchanga. Mara nyingi chanzo ni kidusi fulani kinachotoboa na kuingia, au jeraha katika utando laini unaotanda ndani ya ganda. Chembe hai za utando huo zikisukumwa ndani ya mwili, hujikunja zikawa kifuko, nacho huanza kutoa kile ambacho utando hukitoa siku zote: dutu ile ing'aayo ndani ya kombe, iitwayo lulumizi. Neno hili lulumizi lipo katika lugha yetu na linastahili kutumiwa zaidi. Lulu ni lulumizi iliyojizungusha yenyewe.

Lulumizi ni kalsiamu kaboneti kwa sehemu kubwa, yaani dutu ileile iliyomo katika chokaa, katika mawe ya matumbawe ambayo kwayo miji ya Waswahili ilijengwa, na katika ganda la yai. Huku kwetu jambo hili lina mvuto wa pekee. Wilaya yetu ni makao ya baadhi ya Wahadzabe, na katika bonde la Ziwa Eyasi watu walichonga shanga za maganda ya mayai ya mbuni makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Shanga hizo zimefukuliwa katika pango la Mumba. Basi pambo la kale la bara na pambo la kifahari la bahari ni ndugu wa damu moja. Kilichowatofautisha ni mpangilio. Katika lulumizi, dutu hiyo hukaa kama vigae vyembamba mno vya aragoniti, kila kimoja chini ya elfu moja ya milimita, vikapangwa tabaka juu ya tabaka na kuunganishwa kwa protini. Nuru ikifika, sehemu hurudishwa na tabaka la juu, sehemu huingia na kurudishwa na tabaka la pili, la tatu na kuendelea, na miali hiyo ikikutana hutoa ule mng'ao unaoonekana kutoka ndani. Chokaa haina mpangilio huo, nayo hubaki kuwa chokaa.

Sasa sababu ya kukataa vile vipimo viwili iko wazi. Asidi ya siki au ndimu huiyeyusha kalsiamu kaboneti, na mapovu ni lulu inayokufa. Moto nao huunguza protini na kuipasua lulumizi. Tena glasi haiungui kwa kiberiti, hivyo ushahidi wa moto huweza kumpa ushindi mdanganyifu. Hivyo ni vipimo vinavyomwadhibu mkweli na kumwachia mwongo.

Sifa saba za lulu njema

Wapimaji wa vito hutazama mambo saba. Nimejaribu kuyaeleza kwa Kiswahili chetu.

La kwanza na kubwa ni *mng'ao*. Weka lulu juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa mchana usio wa jua kali, kisha tazama taswira ya dirisha juu ya uso wake. Katika lulu bora, nondo za dirisha huonekana na kingo zake. Katika lulu hafifu, dirisha huwa doa jeupe lililofifia kama mwezi nyuma ya ukungu. Lulu yenye mng'ao hafifu haiokolewi na ukubwa.

La pili ni *unene wa lulumizi*. Tabaka likiwa jembamba, mng'ao haudumu, na mara nyingine ukiizungusha lulu huonekana kupepesa, upande mmoja ukiwaka na mwingine ukififia, kwa kuwa kiini chake kinachungulia.

La tatu ni *uso*. Vidoa, mikwaruzo, vishimo na vifundo hupunguza thamani, hasa vikiwa mahali panapoonekana pambo likivaliwa. Kasoro iliyo jirani na tundu haina uzito kama iliyo usoni. Tena uso usio na kasoro hata moja katika mkufu mzima, kwa bei ndogo, ni jambo la kutiliwa shaka.

La nne ni *umbo*. Duara kamili ni adimu na hulipiwa zaidi. Viringisha punje juu ya meza bapa, iliyo duara huenda mstari mnyofu, isiyo duara huyumba. Zipo pia za umbo la tone na la kitufe, na zile za kombokombo ambazo kila moja ina sura yake. Kombo si bandia.

La tano ni *rangi*. Kuna rangi ya mwili, kama nyeupe, maziwa, dhahabu, kijivu au nyeusi, na kuna vivuli vinavyopita juu yake, vya waridi au kijani, kama upinde wa mvua uliokunjwa. Hakuna rangi iliyo bora kwa wote.

La sita ni *ukubwa*, unaopimwa kwa milimita. Lulu za Akoya za Japani mara nyingi huwa chini ya milimita 10, ilhali zile za bahari za Australia, Indonesia na Ufilipino huweza kuzidi milimita 15. Ukubwa hupandisha bei pale tu sifa nyingine zinapolingana.

La saba ni *ulinganifu*: jinsi punje za mkufu mmoja, au vipuli viwili, vinavyooana. Huo ndio ufundi wa mtungaji, naye hutumia muda mwingi kuchagua. Mtungaji mwema hufunga fundo dogo baina ya punje na punje, ili zisisagane, na uzi ukikatika isipotee zaidi ya moja.

Msomaji ajihadhari na herufi. Wauzaji wengi, hasa wa mtandaoni, huandika A, AA au AAA. Hakuna kipimo kimoja cha kimataifa kinachozifunga herufi hizo; kila muuzaji hujipimia. AAA ya duka moja huweza kuwa A ya jirani yake.

Asili, ya kufugwa, bandia

Hapa lugha yetu inahitaji uangalifu, kwa maana nimesikia watu wakiita lulu yoyote isiyotoka kwa mzamiaji kuwa ni "bandia". Tutenge maneno matatu. *Lulu ya asili* ni ile iliyojitunga bila mkono wa mtu. *Lulu ya kufugwa* ni ile ambayo mtu aliianzisha kwa kutia kiini au kipande cha utando ndani ya chaza, kisha mnyama mwenyewe akaifunika kwa lulumizi ya kweli. *Lulu bandia* haikuwahi kumjua chaza: ni punje ya glasi, ya plastiki au ya kombe, iliyopakwa rangi ing'aayo. Ufundi huo wa kupaka ni wa kale. Huko Ufaransa, tangu karne ya 17, walitumia mng'ao uliokamuliwa kutoka magamba ya samaki.

Tofauti ya maneno hayo imewahi kuangusha miji. Kwa muda mrefu lulu nyingi za dunia zilitoka Ghuba, pwani za Bahrain, Kuwait, Qatar na nchi ambayo leo ni Falme za Kiarabu. Miongoni mwa wazamiaji walikuwamo watu wa Afrika Mashariki waliopelekwa huko utumwani. Walizama kwa jiwe mguuni na kibanio puani, faida ikaenda kwa wengine. Tunapoandika lulu katika beti za mapenzi, si vibaya kukumbuka kwamba baadhi ya pumzi zilizoilipia zilikuwa za jamaa zetu.

Mwaka 1893, Mjapani Kokichi Mikimoto alifanikiwa kupata nusu lulu za kufugwa, na katika miongo iliyofuata lulu duara za kufugwa zikaingia sokoni. Mwaka 1917, kampuni ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa lulu za asili wa nyuzi mbili uliothaminiwa dola 1,000,000, pamoja na dola 100 taslimu. Mkufu huohuo ulipouzwa tena miaka 40 baadaye, haukufikia robo ya thamani ile. Lulu zake hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni wingi wa ndugu zake duniani. Uzamiaji wa Ghuba nao ulididimia katika miaka ya 1930, ulipokutana na mdororo wa uchumi wa dunia.

Na kwetu? Katika muongo wa kwanza wa karne hii, Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilishirikiana na wanavijiji wa rasi ya Fumba, wengi wao wanawake, kufuga chaza wa lulu. Vibonge vya nusu duara hugandishwa ndani ya ganda la chaza aliye hai, kisha hurudishwa majini. Baada ya miezi kama tisa hadi mwaka, chaza huwa amevifunika. Nusu lulu hiyo hukatwa pamoja na kombe lake na kutiwa katika pete, kipuli au kidani. Wanawake wa Bweleo na Fumba wamejulikana kwa kazi hiyo na kwa mapambo ya makombe. Nusu lulu hupimwa kwa mng'ao, kwa ulaini wa kuba lake, na kwa unene wa lulumizi iliyolifunika. Haina bei ya lulu duara. Hata hivyo ni lulumizi ya kweli, ya bahari yetu, iliyokuzwa na mikono tunayoifahamu.

Hukumu ya kitambaa cheupe

Nilichukua kioo cha kukuza ninachokitumia kusomea kamusi yenye herufi ndogo, nikauweka mkufu juu ya kitambaa karibu na dirisha. Punje zilikuwa 61, zote zimelingana kama risasi za bunduki moja: ukubwa mmoja, rangi moja, bila kivuli cha pili. Nilimwomba mama aipitishe moja polepole kwenye ncha ya jino lake. Lulu, iwe ya asili au ya kufugwa, hukwaruza kidogo kama yenye chenga laini, kwa sababu ya kingo za vile vigae. Hii iliteleza kama kikombe. Nilipotazama matundu, rangi ilikuwa imebanduka kandokando kama plasta ya ukuta wa zamani, na ndani yake mliangaza glasi. Uzi haukuwa na fundo hata moja.

Kidani kikatoa ushahidi mwingine. Nondo za dirisha langu zilisimama juu ya lile jicho, nyembamba na zenye kupinda, na nilipokigeuza zilipita rangi za kijani na zambarau juu ya kijivu. Nyuma yake mlikuwa na kombe lenyewe, halijafichwa. Nusu lulu ya kufugwa, njema, iliyotiwa katika fedha.

Nilimweleza yote, pamoja na mipaka ya macho yangu: kwamba jino na kioo cha kukuza humtenga bandia, lakini haviwezi kuitenga lulu ya asili na ya kufugwa, kazi inayohitaji picha za eksirei, kwamba Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, na huko wapo wenye vyombo, na kwamba kwa mkufu ule nauli ya kupita Singida, Katesh na Babati ingekuwa hasara, maana glasi ilikuwa imejitaja yenyewe matunduni.

Alinyamaza. Kisha shemeji yake akasema neno ambalo bado ninalo. "Mwalimu, huyu mnunuzi ni mtu mzima. Ameiita lulu mwenyewe, bei ameitaja mwenyewe. Shemeji akimwambia tu, 'huu ni mkufu wa mama mkwe wangu,' atakuwa amesema uongo gani?"

Wapenzi wa lugha, lipimeni swali hilo. Kila neno katika sentensi ile lilikuwa kweli. Mkufu ulikuwa wa mama mkwe. Na mbele yake palikuwa na binti aliyefaulu, na ada. Ukweli wangu ulikuwa umeigharimu nyumba ile shilingi 400,000, na mimi sikuwa na hata robo yake ya kuwapa. Sikumwambia afanye nini. Nilisema tu kwamba sentensi huwa na lulumizi na huwa na kiini, na kwamba msikilizaji hulipia kile anachodhani kimo ndani.

Mnunuzi aliporudi, mama alimwambia mbele ya mlango wa duka: "Huu ni wa mama mkwe wangu. Ni glasi." Mtu yule alicheka, akadhani anapandishiwa bei, akauchukua akautazama, akaurudisha. Alitoa shilingi 10,000, mama akakataa. Ada ilipatikana kwa gunia za alizeti alizokuwa akizisubirisha bei ipande, na kwa mchango wa ukoo, na deni lingine bado analilipa. Kidani hakukiuza. Binti amekwenda nacho chuoni. Mkufu wa glasi mama anauvaa kanisani kama zamani, na akiulizwa huutaja kwa jina lake halisi, kwa sauti ya mtu anayemtaja mama mkwe aliyempenda.

Neno kwa watunzi

Kutokana na haya ninachukua mambo machache ya meza yetu ya ushairi. Maneno yetu ni chokaa ileile ya sokoni. Mpangilio ndio huyageuza. Beti ambayo vina vyake vimelingana kama punje 61, bila kivuli cha pili, huenda imepakwa rangi tu: itazame matunduni, pale ambapo fikra inaungana na fikra, uone kama rangi imebanduka. Shairi lenye kombo moja la kweli lisitupwe kwa sababu ya kombo. Na mhakiki asipime kwa moto, maana moto huyaunguza yaliyo hai na kuyaacha ya glasi yakimeta.

Mwenye lulu naye aitunze. Ni laini kuliko glasi, na huumizwa na manukato, jasho na vumbi. Ivaliwe mwisho, baada ya mafuta na marashi, na ivuliwe kwanza. Ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ilazwe peke yake mbali na dhahabu na mawe magumu. Ukiinunua, muulize muuzaji maneno matatu tuliyoyatenga, asili, kufugwa au bandia, na umtake aliandike alichagualo kwenye risiti.

Nawaachia beti hizi, nikiwaomba wenye misamiati ya lulu, chaza na lulumizi kutoka Mafia, Pemba, Lamu na kwingineko waniletee, tuikuze hazina yetu.

Umeshika mkononi, kito kisicho na jina,
Usikitie juani, kivulini utaona,
Tazama sura usoni, wajiona kwa bayana,
Lulu hupimwa kwa nuru, moto haupimi kitu.

Kipitishe kwenye jino, kwa upole, bila nguvu,
Uhisi mkwaruzano, chenga kama za majivu,
Bado si hukumu hino, hakimu ana utuvu,
Lulu hupimwa kwa nuru, moto haupimi kitu.

Na kama ni cha kioo, sema wazi ni bandia,
Shida ikibana leo, neno haliuzwi pia,
Ukweli una tokeo, hata ukikawilia,
Lulu hupimwa kwa nuru, moto haupimi kitu.

Watunzi wa mashairi, tabaka tuongezeni,
Kwa subira tufikiri, kama chaza baharini,
Rangi ya juu si kheri, itabanduka tunduni,
Lulu hupimwa kwa nuru, moto haupimi kitu.